Senene wa Mti

Sikilizeni, wanangu. Na wewe uliyesema juzi, ukiwa umeshika ndoana mpya ya dukani yenye kijiko kinachometameta, kwamba kuvua kwa chambo cha uongo tulifundishwa na Wazungu, sogea ukae hapa mbele. Sikugombezi. Nataka tu usikie vizuri, kwa sababu aliyekusimulia alikupa nusu ya habari, tena nusu mbovu.

Mimi nilianza kazi hii zamani za Waingereza, nikaiacha majuzi tu, magoti yalipokataa kusimama juu ya mawe yenye utelezi. Nimevua Ziwa Ikimba, upande wetu wa Izimbya, na nilipoolewa nikavua ziwa kubwa, upande wa Muleba. Sikuwahi kuwa na mtumbwi. Sikuwahi kuwa na wavu. Nilikuwa na ufito, mshipi, na kipande cha mti kisichozidi kidole changu cha mwisho. Na nilikuwa mwanamke, jambo ambalo siku zile lilitosha peke yake kunifukuza mwaloni, pale wavuvi wanapotua. Walijaribu. Mnaniona nilivyokaa hapa nikiwasimulia uvuvi, basi mnajua walivyofanikiwa.

Kwanza niwaeleze jambo lenyewe, ili asiyevua asiachwe nyuma. Chambo cha kweli ni chakula: mnyoo, utumbo, kipande cha nyama. Samaki anakinusa hata kwenye maji ya matope, anakuja mwenyewe. Wewe unaweza hata kusinzia. Chambo cha uongo hakina harufu wala ladha. Kina mwendo tu, na mwendo huo unatoka mkononi mwako. Usipojua mdudu unayemwigiza anavyotembea, anavyochoka na anavyokufa, umefunga kijiti kwenye kamba na unakiogesha. Nimewaona watu wengi sana wakiogesha vijiti.

Mdudu wangu mimi alikuwa senene.

Nyinyi mnamjua senene wa kwenye taa za umeme na mapipa ya kumtegea. Siku zetu alishuka na mvua ya Novemba kwenye orweya, ile nyika ya majani nje ya migomba, nasi wanawake tulitoka alfajiri, umande ukitulowesha mpaka mapajani, kumwokota mmoja mmoja kabla jua halijampasha moto akaruka. Tuliokota, tukanyonyoa mbawa na miguu, tukakaanga, tukafunga kwenye jani la mgomba, tukampa baba au mume. Kula hatukula. Senene walikuwa chakula cha wanaume, na mwanamke aliyeonja alisemwa kijiji kizima. Kwa hiyo wanaume wa kwetu walimjua senene akiwa mkavu, amekaangwa, hana miguu. Sisi tulimjua akiwa hai.

Mwaka ninaousema nilikuwa binti wa miaka kama kumi na minane. Tata, yaani baba yangu, alikuwa mvuvi wa ufito mpaka siku aliyoteleza mwaloni, goti lake likakakamaa kama mpini wa jembe. Kaka yangu wa pekee alikuwa amekwenda Uganda kutafuta kazi. Alituma salamu, yeye mwenyewe hakurudi. Mama alishinda kwenye kibanja, kati ya migomba na mibuni. Ndizi zilikuwepo, maharage yalikuwepo. Samaki hakuwepo, na Tata bila samaki alikuwa kama mtu aliyefiwa. Alikaa mlangoni akitazama upande wa ziwa, akimuuliza kila apitaye, "Wamepata?"

Tena kulikuwa na jambo la jiwe. Pale mwaloni kwetu kila mvuvi wa ufito alikuwa na jiwe lake la kusimamia, na mawe yaliyofika kwenye maji ya kina, kupita matete, hayakuzidi saba. La Tata lilikuwa mojawapo. Mgawaji wa mawe alikuwa mkubwa wa mwalo, mzee mmoja mrefu mwenye sauti ya ngoma, tukimwita kwa heshima Ta Rwegoshora. Huyo alishampelekea Tata ujumbe: jiwe lisilo na mwanamume wa kulisimamia atawapa watu wengine mvua zikiisha. Nyumba iliyopoteza jiwe haikurudishiwa. Ilibaki kuomba samaki kwa jirani, na Tata hakuzaliwa na mdomo wa kuomba.

Asubuhi moja, kikapu changu cha senene mkononi, orweya ilinifikisha mpaka ukingoni mwa ziwa, nikamwona senene mmoja akiruka vibaya na kuangukia maji. Alipiga mateke mawili. Akatulia. Akapiga mateke mawili. Akatulia tena, viduara vidogo vya maji vikitanuka kumzunguka. Halafu maji yakafunguka chini yake, nikaona mdomo mpana wenye ndevu, na senene hayupo.

Nilikwenda nyumbani nikachukua ufito wa Tata.

Sasa kosa langu la kwanza. Nilivua kwa senene walewale wa kikapuni. Senene ni laini, na ndoana ya Tata ilikuwa kubwa ya kuvulia kamongo, kwa hiyo kila niliyemtunga alipasuka. Nikaharibu mmoja, nikaharibu kumi, nikaharibu nusu ya kikapu. Lakini jua lilipopanda nilikuwa na kambare mmoja mrefu kutoka vidole vyangu hadi kwenye kiwiko, nikarudi nikiimba.

"Senene wangu wako wapi?" Tata aliuliza kabla hata ya kupokea salamu.

"Wengine wamo kikapuni, Tata. Wengine wamo tumboni mwa huyu kambare."

"Umempa samaki chakula cha wanaume?"

"Basi huyu ni mwanamume mwenzako, Tata. Mkaribishe."

Mama alikimbilia jikoni ili acheke huko. Tata hakucheka. Alimla kambare mzima, kichwa na mkia, akafuta midomo, ndipo akasema, "Senene ni wa msimu, na ni wangu. Ukitaka kuvua, vua kwa kitu ambacho mtu hali."

Alidhani amenikataza. Mimi nilisikia fundi akinipa maelekezo.

Senene wa kwanza nilimchonga kwa tawi la mbuni kwa sababu lilikuwa karibu. Alipendeza kumtazama. Nilipomtupa majini alizama moja kwa moja, hakuaga. Mbuni ni mti mzito. Wa pili nilimchonga kwa ule mti mwepesi wenye maua mekundu. Huyo alielea, lakini alilala ubavu kama mlevi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ilinichukua siku nyingi kuelewa kwamba senene wa kweli ana tumbo zito na mgongo mwepesi. Nikampigilia kipande cha msumari tumboni, akakaa sawa. Miguu ilikuwa nyuzi za katani zilizoficha ndoana, na mwili mzima niliupaka nta ya nyuki usinywe maji.

Tundu la mshipi nililitoboa kwa sindano ya moto, na nililitoboa kidevuni. Hili lishikeni. Ukifunga mshipi puani, chambo kinakwenda mbele kimya kama mtu anayeitwa na chifu. Ukifunga kidevuni, kila ukivuta kidogo kinainua kichwa na kurusha miguu. Teke ndilo linalomwita samaki.

Nilihangaika pia na rangi. Nilimsugua kwa majani mabichi, nikampaka wino wa shule, nikamfunga kitambaa chekundu kiunoni. Kazi bure. Kambare yuko chini anatazama juu kwenye mwanga. Anachoona ni kivuli chenye miguu. Tangu siku hiyo sikupaka rangi tena, na huwa nawaonea huruma mnaochagua chambo kwa uzuri wake. Vile vya dukani vinavyometameta vimetengenezwa kumnasa mnunuzi.

Ndoana nilizifuata Bukoba mjini. Niliongozana na wanawake wa kijijini waliokuwa na safari yao, tukalala kwa shangazi yangu, mtaa wa Kibeta, asubuhi nikaingia duka la Mhindi mmoja mzee aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ndoana za nani?" akauliza.

"Zangu."

"Mume yako navua?"

"Sina mume. Navua mimi."

Alinitazama juu ya miwani. Nilijiandaa kwa kicheko. Badala yake alirudisha ndoana kubwa nilizokuwa nimezionyesha, akatoa kijikaratasi chenye ndoana ndogo, nyembamba, nyeusi. "Kubwa nzuri kwa kuonyesha rafiki," alisema. "Ndogo nzuri kwa kula." Katika miaka yangu yote sijasikia somo fupi kuliko hilo. Ndoana ndogo huingia kwenye mdomo wowote, na ikiwa kali haimwachi hata mkubwa. Ijaribuni kwenye ukucha: ikiteleza, inoe, ikikwaruza, ifunge.

Msidhani niliyajua yote pale. Miaka mingi baadaye, nilipoolewa Muleba, nilifika ziwa kubwa na senene wangu nikijiona bingwa, nikakaa miezi mitatu sipati hata furu, yule samaki mdogo wa watoto. Wakwe walianza kunitazama. Mume wangu, mtu mpole, aliniambia, "Mke wangu, labda senene wa kwenu hawajui Kiswahili cha huku." Shida ilikuwa mawimbi. Ziwa kubwa halitulii, teke la senene linamezwa na wimbi, na mbofu, samaki niliyemtaka, anakaa chini kwenye mawe. Hatazami juu. Nikalazimika kumsahau senene, nikakata kifuniko cha kopo, nikakipinda kama kijiko, nikakishusha mpaka chini na kukiinua na kukiacha kianguke kikiyumba kama samaki mdogo aliyeumia. Mbofu wakaja. Kwa hiyo anayewauzia chambo cha kila ziwa anawadanganya. Kwanza tazama samaki wako anakula nini, kisha ukae na hicho chakula mpaka ukijue tabia.

Nirudi Ikimba. Kwa wiki tatu nilisimama kwenye jiwe la Tata alfajiri, kabla wavuvi wengine hawajafika, na kwa wiki tatu Tata alikula samaki. Aliacha kuuliza wapita njia. Siku ya mwisho ya wiki ya tatu nilichelewa kuondoka, na Ta Rwegoshora akanikuta juu ya jiwe, na watu kama wanane nyuma yake.

"Binti wa Kyaruzi! Shuka hapo!"

Nilishuka nikapiga magoti kumsalimu kama ilivyo desturi, ufito bado mkononi.

"Hujui kwamba mwanamke akiruka mshipi samaki wanahama ziwa?"

"Waitu, mzee wetu, mimi sijauruka. Nimeushika."

Watu walicheka, na hapo ndipo nilipokosea, maana mzee aliyechekwa mbele ya vijana wake hawezi tena kuwa mpole. Alinyakua mshipi wangu, akakata kwa kisu, akamwinua senene wa mti mbele ya uso wake. "Na hiki ni nini? Uchawi?"

"Ni mti, Ta. Mlambe uone."

Alimtia mfukoni mwa kanzu yake. "Nikikuona tena juu ya jiwe hili, baba yako atatoa mtungi wa rubisi mbele ya wazee na kuomba radhi kwa ajili yako. Na jiwe nitaligawa kesho yake."

Kuchonga senene mwingine haikuwa tabu, na jioni ile ile nilimchonga. Tabu ilikuwa mahali. Nilikwenda kwenye matete, kwenye tope na ruba, nikavua humo siku baada ya siku. Ufito haukufika kwenye maji ya kina. Tata alirudi mlangoni na swali lake. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko lawama. Alisema mara moja tu, "Jiwe lile nilipewa na baba yangu."

Sasa ndipo anapoingia Mzungu wako, wewe wa ndoana ya dukani.

Alikuwa mtu wa serikali kutoka Bukoba mjini, aliyekuja na gari Jumamosi fulani fulani kuvua kwa kujifurahisha, na Ta Rwegoshora ndiye aliyempigia makasia. Alikuwa na sanduku la vyambo vya chuma, vinang'aa kama vijiko vya harusi. Alisema kwa Kiswahili chake kwamba alishavua Naivasha, Kenya, samaki mmoja anayeitwa besi, ambaye Wazungu walimleta kutoka nchi za mbali, na kwamba besi hawezi kukataa kijiko kile. Huenda. Lakini Ikimba haina besi, ina magugu. Kila akitupa kijiko kinazama, kinavuta magugu, kinarudi na ndevu za kijani. Mimi nilikuwa kwenye matete nikikata nyasi za kutandika nyumbani, hatua kama kumi kutoka kwao, na nilisikia yote.

Ta Rwegoshora alitaka kumfurahisha. Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa senene wangu.

"Oho!" Mzungu akamgeuzageuza. "Nani ametengeneza?"

"Mimi, Bwana."

Wanangu, nilishika mundu kwa mikono miwili ili nisipige kelele.

Bwana alimfunga, akamtupa, akamvuta haraka haraka kama mbwa anayekokotwa kwa kamba. Hakuna kitu. Akamtupa tena, akavuta haraka zaidi. Hakuna. Akampa mzee ufito. "Wewe ni fundi. Onyesha." Ta Rwegoshora alivuta naye, polepole, kwa heshima, bila kusimama, kama anayepeleka kuku sokoni. Hakuna. Alimtupa mara nane. Alimla senene maisha yake yote, hakujua hata siku moja kwamba senene anapumzika.

Bwana alicheka, akampiga begani. "Nitarudi Jumamosi. Uwe umekumbuka."

Siku ya tatu, saa nne ya asubuhi, Ta Rwegoshora alikuja nyumbani. Tata alimkaribisha, "Nyegera waitu," akamletea kibakuli cha akamwani, kahawa ya kutafuna, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote hata akiwa amekuja kwa ubaya. Wakatafuna. Walizungumza juu ya mvua. Walizungumza juu ya migomba. Nilikuwa nje ya mlango nikimenya ndizi, na nilimenya polepole sana.

"Yule binti yako," mgeni akasema hatimaye, "yale mambo yake ya kijiti. Huwa anafanyaje?"

"Sijui," Tata alisema. "Mimi nakula tu. Muulize mwenyewe."

Nikaitwa. Nikapiga magoti, nikasalimu.

"Nieleze kidogo," mzee alisema, akitazama kibakuli. "Hapa hapa. Mambo ya nyumbani."

"Nitakueleza, Ta, kwa furaha. Nitakueleza Jumamosi, pale mwaloni, nikiwa nimesimama juu ya jiwe la baba yangu."

"Mbele ya watu?"

"Ulinishusha mbele ya watu."

Aliinuka. Alikuwa mrefu, nami bado nimepiga magoti, nikamwona kuanzia vidole vya miguu kwenda juu. "Kyaruzi, mtoto wako hana adabu."

Tata alitafuna mbegu yake ya kahawa mpaka ikaisha. "Anayo," alisema. "Amekupigia magoti mara mbili mwezi huu. Mara ya kwanza ulimnyang'anya kitu."

Mgeni aliondoka bila kuaga. Mama alishika kichwa akisema tumekwisha, jiwe limekwenda. Mimi mwenyewe niliogopa. Msidhani ukaidi ni kutoogopa. Niliogopa siku tatu mfululizo huku nikinoa ndoana.

Jumamosi wingu lilikuwa zito na mvua ya rasharasha, siku nzuri kwa kambare, maana wadudu huanguka na mwanga haumtishi. Watu walijaa mwaloni kwa sababu habari ya fundi Rwegoshora ilishaenea. Safari hii Bwana alikuwa kwenye jiwe moja, mzee kwenye lingine, wakimvuta senene kwa zamu. Baada ya saa nzima Bwana alichoka na mvua, akamwachia mzee senene, akarudi kwenye gari lake kunywa chai. Wasimuliaji wenu huwa wanaruka hapo. Mzungu hakuwepo. Alikuwa anakunywa chai.

Nilitoka kwenye matete nikapita katikati ya watu, ufito begani. Nikapanda juu ya jiwe la Tata.

"Shuka!" mmoja alipaza sauti.

"Atawahamisha samaki!"

"Samaki gani?" nikajibu. "Mmewaona leo?"

Nikamgeukia mzee, safari hii bila kupiga magoti, kwa sababu juu ya jiwe lenye maji hupigi magoti, unaanguka. "Ta Rwegoshora, naomba chombo changu."

Alitazama upande wa gari. Alitazama watu. Angeweza kumtupa senene katikati ya ziwa, na jiwe lile lingekuwa la mtu mwingine hadi leo. Sijui alifikiri nini. Mvua ilikuwa inamchuruzika puani. Alimfungua senene kwenye mshipi wake, akaninyooshea.

Nikafunga. Nikatupa. Ndoana ikanasa kwenye tete.

Mnacheka? Walicheka zaidi yenu. Nilisikia jasho likiungana na mvua mgongoni. Nikanasua, nikakausha mikono kwenye nguo, nikatupa tena. Senene akaangukia maji meusi kupita matete. Nikamwacha. Viduara vikatanuka, vikaisha. Mateke mawili. Nikamwacha. Watu waliacha kucheka kwa kuwa hawakujua ninangoja nini. Mateke mawili. Nikamwacha tena, na maji yakafunguka.

Alikuwa kambare wa kawaida, wala hakuwa mkubwa kama mnavyosimuliana. Nilimtupa nchi kavu, nikamtoa ndoana, nikamshika mzee mkono, nikamvuta juu ya jiwe pembeni yangu na kumpa ufito wangu. Nilitaka ajue. Mtu akishajua kitu kutoka kwako hawezi tena kusema hukijui.

"Tupa. Sasa acha."

Akavuta.

"Acha, Ta! Ameanguka, ameshtuka, hajui yuko wapi. Acha kwanza. Sasa teke. Dogo! Kifundo cha mkono tu. Tena. Acha."

Hakuna aliyewahi kusikia Ta Rwegoshora akiamrishwa. Alitii, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Mara ya tano maji yakafunguka kwake. Yule mzee mwenye sauti ya ngoma alipiga kelele nyembamba ya furaha ambayo sijaisahau, akamkumbatia kambare kwenye kanzu yake nyeupe, matope na yote.

"Ni kazi yako hiyo, Ta?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma, kwa uchokozi. "Wewe ndiye uliyemchonga?"

Mzee alishuka kwenye jiwe taratibu, akimshika kambare kwa mikono miwili.

"Amemchonga binti wa Kyaruzi," alisema. Halafu akaniambia mimi, kwa sauti kubwa ili wote wasikie, "Kesho usichelewe. Jiwe lisilo na mtu nawapa wengine, na hili lina mtu."

Bwana aliporudi alimpenda senene, akataka kumchukua akawaonyeshe rafiki zake mjini. Nilimwambia mzee amfasirie: nitamchongea mwingine, huyu ana kazi kesho. Jioni ile nilimpelekea Tata kambare. Alikuwa mlangoni, na hakuuliza kama wamepata. Aliuliza, "Umesimama wapi?" Nikamwambia. Akaingia ndani akachechemea mpaka kitandani, akajifunika shuka mpaka kichwani, na mama akanizuia nisimfuate.

Basi, wewe wa mbele. Kiweke kando kile kijiko chako kinachometameta. Chukua kipande cha mti mwepesi, toboa kidevuni, kipe tumbo la msumari na miguu ya katani. Kesho alfajiri nenda ukingoni, utupe kupita matete, na usivute. Ngoja viduara viishe vyote. Vuta mara mbili kwa kifundo cha mkono, kidogo sana, kisha uache tena mpaka maji yatulie kabisa.